Mzee Asilimia Mbili

Kila siku baada ya kurudi kutoka shuleni, Kidole alivua sare, akafua soksi zake na kuzianika, kisha akaenda barazani kumsaidia Babu na simu. Waliompa jina hilo walifanya hivyo kwa sababu vidole vyake vilipita juu ya kioo cha simu kwa wepesi ambao watu wazima hawakuuweza. Babu, mzazi wa mama yake, alikuwa fundi cherehani. Yeye hakushona nguo, bali alitengeneza mashine zenyewe. Pale barazani palikuwa na meza yake, chupa ya mafuta yenye mdomo mwembamba, na bisibisi tisa zilizopangwa kwa ukubwa.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja: Babu alitaja miadi, Kidole akaiandika.

"Kesho saa tatu, yule mama wa mapazia. Mashine yake inaruka mishono."

"Nimeandika, Babu."

"Weka kengele ilie saa nzima kabla. Magoti yangu yana mwendo wao."

Baada ya hapo Kidole aliruhusiwa kuishika simu kwa nusu saa ili afanye mazoezi ya hesabu. Hesabu zilichukua dakika tano. Dakika zilizobaki aliingiza michezo: wa kupamba kucha, wa kulisha samaki, wa magari, na mingine ambayo hata hakuifungua tena. Nafasi ya kuhifadhi vitu ikajaa. Simu ikaanza kujikokota, ikawa inaganda mtu akiwa katikati ya maongezi, mara nyingine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Ndipo tangazo moja lilipomwambia kuwa ipo programu ya kuisafisha simu na kuirudishia kasi ya siku ya kwanza. Kidole akaiweka bila kumwuliza mtu. Programu ikaomba ruhusa ya kufunga kila kitu kisichoonekana kiooni, naye akabonyeza "kubali" bila kusoma.

Asubuhi iliyofuata kengele haikulia.

Mama wa mapazia alingoja mpaka adhuhuri. Alipopiga simu, ile ya Babu ikaganda kabla hajaitika. Juma lililofuata ikawa zamu ya mwenye karakana ya sare za shule, mtu mwenye mashine kumi na mbili. Alikuja mpaka nyumbani, akazungumza na Mama kana kwamba Babu, aliyeketi hatua mbili tu kutoka pale, alikuwa kiti.

"Mwambieni mzee apumzike. Siwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya mtu anayesahau."

"Kengele haikulia," alisema Babu.

"Kila siku ni kengele, mzee wangu?"

Kidole aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Alikwisha kujua sababu. Siku mbili kabla, alikuwa ameifungua ile programu, akakuta imejisifu kwa orodha ya vitu ilivyovifunga, na kengele ya saa ilikuwa miongoni mwavyo. Alijaribu kuifuta, simu ikajizima. Akajaribu tena, ikaganda. Akaiacha. Kumwambia Babu kungekuwa kupoteza ile nusu saa yake, na pengine kuchapwa na Mama. Akajiambia kwamba atasema kesho.

Kesho hiyo ikawa wiki tatu.

Katika wiki hizo nyumba nzima ilibadilika. Mama alianza kumjibu Babu kwa sauti ya juu na ya polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto mchanga. Alimnyang'anya funguo za nyumba. Siku moja, wageni wakiwa mezani, alimgeukia ghafla.

"Baba, hebu tuambie, leo ni siku gani?"

Babu akaweka kijiko chini. Nyuso zote zilimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Mwacheni," alisema kaka yake Kidole huku akicheka. "Mzee Asilimia Mbili huyo. Mumchaji kwanza."

Wageni wakacheka. Jina hilo alilitunga Kidole mwenyewe, Jumapili moja Babu aliposinzia juu ya meza yake ya kazi kama simu iliyobakiwa na chaji ya asilimia mbili. Sasa lilikuwa limeenea mpaka kwa watoto wa jirani. Kidole naye akacheka, kwa sababu asiyecheka angeulizwa kwa nini.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alimsikia Babu akinong'ona peke yake barazani. Mwanzoni alidhani anaomba dua. Alipokaribia akagundua kwamba anakariri majina ya watu wa nyumba ile.

Ijumaa Mama akatoa uamuzi. "Kesho anakuja mtu kununua zana za Babu yako. Simu atapewa kaka yako. Asubuhi uipeleke kwa fundi, afute kila kitu kilichomo."

Fundi simu alikuwa dada mmoja aliyefanya kazi katika kibanda chenye upana wa mlango. Aliipokea simu, lakini hakuifuta.

"Kwanza niujue ugonjwa," alisema. "Simu haifutwi kwa sababu watu wameikasirikia."

Akaizima, kisha akaiwasha huku amebana kitufe cha pembeni. Ikawaka ikiwa na programu za kiwandani peke yake, nayo ikafanya kazi bila kusita.

"Umeona? Simu ni nzima. Kinachoiumiza ni kitu kilichoongezwa." Akaiwasha tena kwa njia ya kawaida, akangoja kwa subira kila ilipoganda, mpaka akaifikia orodha ya programu. "Michezo kumi na moja. Nafasi imejaa mpaka shingoni. Na mchawi mwenyewe huyu hapa. Anajiita msafishaji, kumbe anaua kila anachokikuta, hata kengele. Nani alimweka?"

"Babu," alijibu Kidole.

"Babu yako anapamba kucha?"

Kidole akatazama viatu vyake. Fundi akamgeuzia kioo. Kengele zote zilikuwapo, siku kwa siku: mama wa mapazia, karakana ya sare, mshona magodoro.

"Huyu mzee hakusahau hata moja," alisema fundi. "Kwenu wanasemaje?"

"Wanasema amechanganyikiwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Dada, ifute tu. Mama ndiye aliyeagiza."

"Nikiifuta, hakuna atakayejua. Ndicho unachokitaka?"

"Ndiyo," alisema Kidole.

Fundi akamwondoa msafishaji, akaiondoa michezo mmoja baada ya mwingine, akaweka kengele ya dakika moja na kukizima kioo cha simu. Wakangoja. Kengele ikalia.

"Simu imepona, na kengele za mzee nimeziacha. Hilo lingine sina bisibisi yake."

Kidole alipofika nyumbani, mnunuzi alikuwa amekwisha kutia nusu ya zana ndani ya gunia. Mama alisimama kando amekunja mikono, na kaka yake alikuwa akiisubiri simu. Babu aliketi kwenye ngazi.

"Chupa ya mafuta usiilaze," alimwambia mnunuzi. "Inavuja."

Alipomwona Kidole, aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaichungulia na kuirudisha haraka. Kisha akamtazama kwa makini, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Wewe ni Kidole," alisema. "Nimepatia?"

Kidole alimsogelea. "Babu, hujasahau kitu. Ni mimi."

"Unasema nini wewe?" aliuliza Mama.

Akaeleza yote, tangu mchezo wa kucha mpaka uongo aliousema kibandani asubuhi ile. Akazionyesha kengele. Mnunuzi akaliweka gunia chini taratibu. Mama akainua mkono kumpiga.

"Mwache," alisema Babu. "Wewe binti yangu ndiwe uliyeniuliza siku ya wiki mbele ya wageni. Jibu nililijua. Mliponitazama vile, likanitoka. Nikaanza kuwaamini ninyi na kuacha kujiamini mwenyewe."

Mama alifunika uso. "Nisamehe, Baba."

Babu alimgeukia mjukuu wake.

"Kujaza simu michezo ni utoto, na utoto unasameheka. Lakini ulijua. Uliona wananicheka, ukacheka nao. Kosa ulilifanya siku moja tu, lakini kulificha kulikuwa kazi ya kila siku, na kila siku mimi ndiye niliyelipa. Ukiharibu kitu, sema kingali kidogo. Ukinyamaza, atatafutwa mtu mwingine wa kukibeba, na atakayepatikana ni yule asiyeweza kujitetea."

"Nimeelewa, Babu."

"Bado. Kesho utaelewa."

Jumapili asubuhi zana zilikuwa zimerudi mezani. Babu aliketi na daftari jipya aliloandika majina ya wateja kwa mkono wake mwenyewe, naye Kidole aliagizwa kuwapigia wateja wote, mmoja mmoja, kwa sauti yake, na sauti zao zisikike barazani. Mama wa mapazia alimsamehe. Mshona magodoro alimwambia maneno makali ambayo Kidole hakupata kuambiwa na mtu mzima, na Babu hakuyakatiza. Mwenye karakana ya sare alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amekwisha kuajiri fundi mwingine, wa mwaka mzima.

"Mpe mzee pole zangu," alisema. "Nilimwita msahaulifu."

Simu haikuganda hata mara moja. Kila neno lilifika likiwa safi.

Babu alipiga mstari juu ya jina la karakana, akafungua ukurasa wa pili.

"Anayefuata," alisema.