Ukurasa wa Arobaini

Haraka haraka ndiyo yenye baraka. Maneno hayo yalichongwa kwa shaba juu ya mlango wa Jumba la Vitabu, Tabora mpya, na miaka ilikuwa imepita tangu mtu ayacheke.

Ndani, Kipimasomo kilikuwa kazini. Ulikuwa mtambo mkubwa kama ghala la mahindi, na kazi yake ilikuwa kuwasoma wasomaji. Kila riwaya mpya ilipelekwa kwanza katika nyumba kumi na mbili, pamoja na miwani ya kusomea. Miwani ilifuata mboni za macho, ikahesabu kila zilipotulia na kila ziliporudi nyuma. Kisha Kipimasomo kikatoa namba mbili: daraja la ugumu na makadirio ya dakika za kusoma. Kitabu kilichovuka daraja la sita kilitupwa kwa Kilainishi. Huko sentensi zilikatwakatwa, maneno mazito yaking'olewa kama magugu, na nakala asilia ikafutwa popote ilipohifadhiwa.

Mhandisi Rahili Nkinda ndiye aliyekitungia Kipimasomo kanuni yake kuu: jicho lililosimama ni jicho lililoshindwa.

Saa nne kasorobo asubuhi, kioo kikawaka nyekundu.

*Safina ya Wajukuu. Riwaya ya kisayansi. Mwandishi: Sikudhani Malembeka. Daraja: tisa. Dakika: elfu moja mia nane na tatu. Kulainishwa: saa nne kamili.*

Rahili akaguna. Riwaya hiyo aliimaliza jana kwa dakika mia mbili, bila kutoka jasho. Ugumu huo umetoka wapi? Akafungua taarifa za nyumba iliyochelewa kuliko zote, ya Bi Kalunde wa Isevya. Ukurasa wa arobaini: siku mbili. Akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mhandisi wa Jumba la Vitabu."

"Marahaba. Unakuja kutunyang'anya kitabu? Hatujamaliza!"

"Hapana, mama. Nauliza ukurasa wa arobaini. Umewashinda?"

Kicheko kikalipuka, cha watu wengi. "Eti umetushinda! Jamani, mnamsikia? Mwanangu, tuko tisa hapa na miwani ni moja. Mwenye miwani anasoma kwa sauti, sisi tunabangua karanga. Akifika pazuri tunamrudisha, atake asitake. Kwani ninyi huko mnasomaje? Kila mtu kivyake, kama mgonjwa?"

"Na huo ukurasa je?"

Kicheko kikakatika.

"Pale nahodha anapomzika mama yake angani, bila hata konzi ya udongo. Wifi yangu kamzika wake mwezi uliopita. Akasema, simama kwanza. Tukasimama. Kesho yake akasema, rudia palepale. Tukarudia."

Vitabu mia sita na kumi na moja vilikuwa vimelainishwa kwa kanuni yake. Ni vingapi vilihukumiwa kwa sababu mtu alisimama kulia, na mtambo ukaandika kwamba hakuelewa? Hakuna ambaye angejua tena. Asilia zake hazikuwepo popote.

Zilibaki dakika nne. Akauchomeka ufunguo wake wa uhandisi.

"Nkinda! Toa mkono hapo!" Mkurugenzi Mkumbwa alikuwa mlangoni, akihema.

"Hawakushindwa kusoma, Mkurugenzi. Walikuwa wanaomboleza."

"Kanuni uliitunga wewe!"

"Ndiyo. Na ninaifuta mimi."

Akauzungusha ufunguo. Kanuni ikafutika, na namba zote zikafutika nayo. Kipimasomo kikabaki jicho tupu lisilojua linatazama nini, na Kilainishi, kilichokwisha kukunjua visu vyake vya nuru, kikakosa cha kushika. Saa nne ikapiga.

Mkumbwa akajifuta uso kwa leso. Akashusha sauti.

"Nisikilize, mdogo wangu. Baraza la Jumba linakaa saa nane. Sema mkono uliteleza, omba radhi, nami nitakutetea. La sivyo hutagusa mtambo tena katika nchi hii."

Simu ilikuwa bado wazi. Kule Isevya mtu alikohoa, karanga zikamwagika kwenye ungo, sauti ikaanza kusoma ukurasa wa arobaini na moja, polepole.

Rahili akauchomoa ufunguo, akauweka mezani mbele ya mkuu wake.

"Ninao waandishi wa kuwapigia magoti kwa vitabu vyao nilivyoviharibu, mlango kwa mlango," alisema. "Wewe na Baraza hammo. Siombi radhi."