Vijiti vya Mchungwa wa Kambove

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya darasa, Léonie alikuwa amekwisha kuchota ndoo mbili bombani na kumwagilia kabichi za shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, binti wa fundi wa reli, na katika chama cha bustani hakuna msichana aliyemshinda kwa maswali. "Mbegu inajuaje upande wa juu?" "Kwa nini karoti hujificha?" Mwalimu wao, Mama Honorine, alizoea kumjibu, "Mengine, Léonie, tutayaona kwa macho."

Siku ya kuyaona ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 1954. Jua lilikuwa kali na mvua bado. Wasichana kumi na wawili walitoka kambi ya wafanyakazi kwa miguu, wakavuka reli, wakapita barabara za Élisabethville ambako mijakaranda ilikuwa imemwaga maua hata ardhi ikageuka zambarau. Walikuwa wanakwenda pepinyeri, bustani kubwa ya miche nje ya mji.

Walipoingia langoni, soga zilikoma zenyewe. Maelfu ya miche ilisimama katika mikebe, safu baada ya safu, kama watu waliokuja misa ya Pasaka. Kulikuwa na nyumba ya vioo, na ndani yake maua yaliota hewani, mizizi ikining'inia bila kugusa udongo. Lakini kilichomsahaulisha Léonie hata kiu yake ni mti mmoja mfupi, uliozaa malimau upande huu na machungwa upande ule.

"Nani amefanya hivi?" alinong'ona.

Alidhani ataambiwa ni Mzungu mwenye bustani. Kumbe alijitokeza mzee mwembamba mwenye koti la viraka na kisu kidogo mkononi.

"Ni mie, mutoto," alisema. Huyo ndiye Tata Kapya, yaani Baba Kapya, aliyefanya kazi pale miaka ishirini na miwili.

Akawaonyesha. Alikata shina la mche wa limau, akalipasua kidogo, akachomeka kijiti cha mchungwa kilichochongwa ncha, akafunga kwa kamba ya mgomba. Vidole vyake vilikwenda taratibu, kama vya mama anayemvisha mtoto mchanga. Vijiti vile vilitoka mji wa Kambove, kwenye mchungwa mtamu ajabu uliokuwa umekatwa wiki ile ili kupisha nyumba mpya. Mti wenyewe haukuwapo tena. Vilibaki vijiti tu.

"Humu ndani vidonda viwili vinaonana, vinapona pamoja," alisema. "Mutaangalia na macho. Mikono, hapana! Kijiti kikitikisika, kinakufa."

Wenzake waliposogea kwenye mawaridi, Léonie alibaki nyuma. Vidonda viwili vinaonanaje? Alitaka kuchungulia mara moja tu. Akafungua kamba ya mche wa mwisho aliouunga mzee, na kijiti kikaanguka mavumbini.  Akakirudisha harakaharaka, akafunga kamba, akawakimbilia wenzake.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa walirudi kuchukua miche ambayo mzee aliwaahidi chama chao. Walimkuta Tata Kapya amechuchumaa mbele ya mche ule. Majani mawili ya kijiti yalikuwa yamenyauka. Kando yake, ndani ya gunia lililoloweshwa maji, mlikuwa na vijiti sita ambavyo havijaunganishwa.

"Ona, Mama," alimwambia Mama Honorine. "Siku moja tu! Haijanifikia namna hii tangu nilianza kazi. Mikono yangu imezeeka. Hivi vingine nitaviharibu bure. Naacha."

"Lakini Tata, vitakauka!"

"Vitakauka," mzee alikubali, akaweka kisu chini.

Hakuna aliyemshuku Léonie. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mzee yule alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine, na Léonie akashindwa kuvumilia.

"Tata, unisamehe," alisema. "Mikono yako haina kosa. Ni mie njo nilifungula kamba jana. Kijiti kilianguka chini."

Wasichana wakainamisha vichwa. Uso wa mzee ukakunjamana kwa hasira.

"Nilisema musiguse?"

"Ulisema, Tata."

Mzee akaokota kisu. Kisha akamsogezea mche mpya wa limau. "Piga magoti hapa. Shika shina. Usitikise."

Léonie alishika. Safari hii aliona kwa karibu: chini ya gome kulikuwa na utepe mwembamba wa kijani, unaong'aa kwa majimaji, na kijiti nacho kilikuwa na wake. Tata Kapya alivikutanisha, kijani kwa kijani.  Kufikia saa sita mchana vijiti vyote sita vilikuwa vimefungwa.

Njiani Mama Honorine alimwambia, "Kuuliza si vibaya. Lakini kosa ukilificha, mwingine analibeba bila kujua. Leo mzee wa watu ndiye aliyelibeba."

Mwezi wa Desemba, mvua zikinyesha, chama kilirudi. Léonie alihesabu miche iliyochipua kati ya ile sita: mitano.

"Na wa sita, Tata?"

"Umekufa," Tata Kapya alijibu bila kusita. "Nilichonga vibaya, mie mwenyewe. Inafikaga, hata kwa fundi. Ningeweza kusema ni joto, na wewe ungeamini. Lakini mutu mwenye kuficha kosa yake, mwaka kesho atairudilia. Sasa kamata kisu. Leo utachonga wewe."