Roda Ana Mimba

Siku moja ya soko mjini Malava, mwaka wa 1996, Gentrix alipiga foleni kwenye bucha akiwa amevalia rinda la manjano alilojishonea mwenyewe. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, gambuti zimejaa tope hadi magotini. Aliagiza mapafu kilo nne na nusu gunia la mifupa.

Gentrix hakuwa mtu wa kuliacha jambo kama hilo lipite.

"Kaka, hiyo yote inaliwa na nani?"

Kijana aligeuka, akatabasamu. "Nina wageni, dada."

"Wageni gani wanakulanga mapafu matupu?"

"Wasiochagua. Mimi naitwa Osiako. Na wewe una jina, au una maswali tu?"

Kwa wiki sita baada ya hapo, Osiako, fundi wa pampu za visima, alipita kila jioni kwenye kibanda cha Gentrix cha ushonaji. Alimletea miwa iliyomenywa, akamwita "Inspekta wangu". Lakini ikifika saa kumi na moja, aliitazama saa na kuondoka mbio. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo. Akiulizwa, alisifia rinda.

Kisha siku moja Gentrix akaenda posta kupiga simu. Osiako alikuwa ndani ya kibanda cha simu, amempa mgongo.

"Roda ana mimba," alikuwa akisema. "Ndiyo, karibu atazaa. Kwangu hawezi kukaa, mwisho Ijumaa. Nampenda, lakini watu wakijua niko naye, nimekwisha. Mtafutie mahali, tafadhali."

Sarafu zilimponyoka Gentrix mkononi. Osiako akatoka.

"Inspekta wangu! Kumbe uko—"

"Usiniite hivyo! Nenda ukamwite Roda!"

Osiako alimwandikia vikaratasi vitatu. Vyote vilirudi bila kufunguliwa. Lakini swali halikumpa Gentrix usingizi: Roda ni mwanamke wa namna gani? Alhamisi mchana alifunga kibanda, akafuata njia ya mashamba ya miwa hadi kwenye kiwanda cha sukari nguru kilichoachwa, ambako Osiako alikuwa akiishi. Njia nzima alipanga matusi.

"Roda! Toka nje tuonane!"

Kutoka bandani akatoka mbwa wa kahawia, mbavu nje, tumbo likikaribia kugusa ardhi. Alitikisa mkia, akaja kuketi juu ya viatu vya Gentrix.

Osiako alitokea na sufuria ya ugali na mapafu, akasimama kama aliyepigwa na radi.

"Huyu ndiye?" Gentrix aliuliza.

"Huyu ndiye. Mwindaji aliyekuwa naye alimpa jina la mke aliyemtoroka."

Gentrix alicheka hadi machozi. Osiako akamweleza yote. Wawindaji wa msitu wa Kabras, walipoona wenzao wamekamatwa na askari wa msitu, waliwaachilia mbwa wao kwenye miwa. Sasa amri imetoka: kwa hofu ya kichaa cha mbwa, Ijumaa kila mbwa asiye na mwenyewe atalishwa sumu. Osiako alikuwa amebaki na kumi na mmoja kati ya aliowaokota, akawachanja, akawatafutia wenyewe. Roda peke yake ndiye aliyebaki, na pale kiwandani mbwa hawaruhusiwi.

"Kwa nini hukuniambia?" Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mtu wa kwanza niliyemwambia alikwenda kunichongea kwa askari. Walikuwa kumi na wanne. Watatu walichukuliwa mbele ya macho yangu."

"Mimi si huyo mtu, Osiako."

"Najua. Nisamehe, mpenzi."

Gentrix akainama, akamshika Roda sikio.

"Yule wa simu alisemaje?"

"Amekataa. Anataka dume."

"Basi kesho mapema twende Lugari, kwa senge yangu."

Senge Nabwire, dada wa baba yake, aliwapokea akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyo atamaliza ingokho zangu."

"Na tumbo hilo, senge? Kuku watamshinda mbio."

Mama huyo alichuchumaa, akalipapasa tumbo la Roda taratibu, akahesabu kwa vidole. "Sita," alisema. "Pengine saba. Mpelekeni nyuma ya jiko, kuna majani makavu."

Kisha akasimama, akamkagua Osiako kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti.

"Na huyu je? Naye mnamtafutia nyumba?"

Gentrix akamshika Osiako mkono.

"Huyu simwachi, senge. Huyu narudi naye."