Amana ya Epifania

Fedha za Epifania ziliibwa bila mtu kuvunja kufuli.

Ilikuwa mwaka 1997. Epifania, mkimbizi wa Burundi katika kambi ya Mtabila, aliuza cherehani yake na kumkabidhi fedha Mwanaamina, mjane mwenye duka la vitenge mjini Kasulu. Mwanaamina alizituma kwa njia yake ya siku zote. Alimwita kwa redio ya upepo shemeji yake Mudathiri, aliyekuwa Kibondo, akamtajia kiasi, jina la mpokeaji na neno la siri. Mudathiri alipaswa kulipa kutoka kwenye mfuko wao wa huko. Riba haikuwapo, kwa kuwa dini yao iliikataza. Walitoza ujira wa redio tu.

Mpokeaji alikuwa Nadine, mdogo wake Epifania, ambaye mtoto wake alisubiri kupasuliwa mguu. Nadine alipofika kuzichukua, Mudathiri alimwambia fedha zimekwisha kuchukuliwa.

Inspekta Bazilio alipewa jalada pamoja na agizo la mkubwa wake: amkamate mwizi, kisha alifunge duka la Mwanaamina, maana biashara ile ya kutuma fedha haikuwa na leseni wala sheria inayoitambua.

Alianza Kasulu. Mwanaamina alieleza kwamba aliita Kibondo mara moja tu, Jumapili. Kesho yake betri ya redio iliisha, akaipeleka kuchajiwa kwa Ildefonsi, fundi wa magari. Ildefonsi alithibitisha: jenereta lake liliharibika, betri ikabaki gereji hadi Alhamisi.

Bazilio akapanda gari kwenda Kibondo.

Mudathiri alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole. Alijibu bila kusita.

"Nani alikuambia umlipe mtu mwingine?"

"Shemeji. Aliniita Jumanne asubuhi, akataja neno la siri, akasema atakuja mwanamume badala ya Nadine."

"Una hakika ni yeye?"

"Sauti yake naijua, afande."

"Aliita kwa redio gani?"

"Ya dukani kwake. Hana nyingine."

"Jumanne redio hiyo haikuwa na betri. Ilikuwa kwa fundi."

Bazilio akampa onyo: halazimiki kusema neno, na atakalosema laweza kutumika mahakamani.

"Nilichukua mimi," Mudathiri alisema hatimaye.

Alieleza kwamba alimkopesha mnunuzi wa kahawa aliyeahidi kurudisha na faida. Alikwisha kufanya hivyo mara nyingi kwa amana za watu, na zote zilirudi. Safari hii mnunuzi alivuka mpaka na hakuonekana tena.

"Ulijua shemeji yako anakataa riba."

Mudathiri aliinua uso. Hakuwa na haya hata kidogo. "Fedha zililala bure. Benki inakaguliwa, sisi nani anatukagua? Kwenu hatupo. Asiyekuwapo anavunja sheria ipi?"

"Ya wizi," Bazilio alisema, akamtia pingu.

Lakini swali lile lilimkaa kichwani njia nzima.

Huko Kasulu alimkuta Mwanaamina amekwisha kumpelekea Nadine fedha zake. Aliuza majora ya vitenge kwa hasara siku ile ile aliyopata habari. Aliposikia jina la mwizi, aliketi. Mudathiri alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na ni Mwanaamina aliyemlea. Alilia kimya, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Ndipo Bazilio akamsomea agizo la kufunga.

"Sifungi," alisema. "Mwambie mkubwa wako alete mkaguzi. Aje kila mwezi. Mkitunga sheria nitaifuata, maana hata mimi nimeibiwa kwa kukosa sheria. Lakini wanawake wa Mtabila wakija kesho watanikuta. Mkitaka, nipelekeni mahabusu."

Bazilio alirudi kituoni, akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri. Chini yake akaongeza kwamba duka hajalifunga wala hatalifunga. Anayeona lifungwe, aende akalifunge kwa mkono wake.