Skrubu ya Nane

Simu iliita mara mbili, ikakata, ikaita tena.

Jasusi Kimya aliipokea. Chumba alichopanga kilikuwa na kiti kimoja, kikombe kimoja na msumari mmoja wa kutundikia koti.

"Harusi ni saa tano," ilisema sauti ya Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara. "Mahari imeingia kunguni."

"Nitaianika."

"Usiwaamshe wageni."

Saa nne na dakika kumi na nane.

Siku hiyo mikoa miwili ya nchi mbili ilikuwa inasherehekea miaka arobaini ya undugu. Saa tano viongozi wao wangetia saini mkataba mpya. Undugu huo ulikuwa umejenga hospitali ya watoto, na ukaguzi wa pamoja bandarini ulikuwa umenasa pembe za ndovu mara tatu. Wenye pembe walitaka undugu ufe. Wageni walikuwa wameleta zawadi ndani ya sanduku la mbao, lifunguliwe jukwaani mbele ya kamera. Zikitoka pembe humo, wageni wangeitwa majangili, na kalamu zingerudi mifukoni.

Kimya aliipachika bastola yake, Glock, kwapani, akavaa miwani yenye kamera, akashuka ngazi mbilimbili.

Sanduku lilikuwa juu ya meza nyuma ya jukwaa. Mbao nyekundu, kona za shaba, muhuri wa lakiri haujaguswa.

"Usiliguse, kaka," afisa itifaki alimzuia. "Tukivunja lakiri ya wageni bure, ni sisi tutakaokuwa tumewaita wezi. Una uhakika?"

Hakuwa nao. Mtego ulikuwa na meno pande zote mbili.

Kimya aliinama, akahesabu skrubu za kifuniko. Nane.

Zote zimekazwa hadi mwisho.



Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, undugu huu ulimpa rafiki wa kalamu, binti wa fundi seremala wa mkoa ule wa pili. Katika barua moja binti aliandika: "Baba akifunga sanduku la zawadi, skrubu ya nane huiacha imeinuka ukucha mmoja. Anasema ndugu hamfungii nduguye mlango wote, ya mwisho ataikaza mwenyeji. Usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Kisha idara ikamwajiri, ikamkataza kumwandikia yeyote. Barua za binti ziliendelea kuja mwaka mzima, halafu zikachoka.

Walioghushi sanduku hili walinakili picha za magazetini. Na picha hupigwa baada ya mwenyeji kukaza.

"Nani alilileta hapa?"

"Mpambaji. Yule wa maua."

Kimya alipita jikoni mbio, trei ikaanguka.

"We baba, hapa si uwanja wa mpira!" mpishi alifoka.

"Samahani, mama."

Akabonyeza redio ya sikioni. "Shangazi, geti la nyuma."

"Limefungwa. Una dakika tisa."

Getini, mpambaji alikuwa anawasha Hilux iliyojaa maua. Mkono wake ulitokeza mlangoni na bastola. Kimya aliupiga mlango teke. Bastola ikadondoka, mwenyewe akafuata.

"Kaka, tuongee kiutu uzima," mpambaji aliguna, uso ardhini. "Una watoto?"

"Sina."

"Mke?"

"Sina."

"Basi unampigania nani?"

Kimya alimfunga pingu.

Chini ya maua lilikuwepo sanduku la pili. Skrubu saba zimekazwa. Ya nane imeinuka, ukucha mmoja.

Saa tano kamili sanduku hilo la kweli lilikuwa mezani. Lile lenye pembe lilikuwa limeshapakiwa kwenye gari la idara.

Jukwaani, fundi seremala wa wageni, mwanamke mwenye mvi mbili tatu, alimpa mkuu wa mkoa bisibisi. "Mheshimiwa, kaza hii moja kwanza, ndipo tufungue zote."

Watu wakacheka. Kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na barua za wanafunzi wa shule arobaini, kila moja imeandikwa juu: *Kwa yeyote atakayejibu*.

Saini zikatiwa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Yule fundi alimkuta Kimya koridoni.

"Kaka, nimeambiwa wewe ndiye uliyelitambua. Kwa skrubu."

"Ndiyo, dada."

"Baba hakuisema nje ya nyumba." Alimtazama sana. "Mimi ndiye niliyeropoka. Kwa mvulana mmoja, kwa barua. Baadaye akaacha kunijibu."

Sikioni, Shangazi alisema, "Ondoka. Gari liko mlango wa kushoto."

"Labda alihama," alisema Kimya.

"Labda. Ukikutana naye, mwambie sikukasirika. Nilisubiri tu."

"Atafurahi kusikia."

"Na mwandiko wake ulikuwa mbaya. Mwambie na hilo."

Kimya nusura acheke. Akatoa heshima kwa kichwa, akaondoka taratibu. Alipolifikia sanduku lililo wazi, sasa limewekwa kando ya mlango, alichukua barua moja, ya juu kabisa, akaiweka mfuko wa ndani, jirani na Glock.

Hakugeuka. Alijua yule fundi bado amesimama pale, anamtazama.

Nje jua lilikuwa kali. Aliingia garini, akafunga mlango, akabonyeza redio.

"Shangazi. Una kalamu?"



"Ya kazi gani?"

"Ya kuandikia."