Mkono wa Friji

Friji ya boti ilianza kumshika Xavery baada ya mvua za kwanza. Aliifungua kutoa samaki, amesimama peku kwenye sakafu ya chuma iliyolowa, akahisi vidole vya baridi vikimshika mkono wa kulia kama anasalimiwa, kisha vikamwachia.

Mtu mwingine angetoka mbio. Xavery alitabasamu. Tangu mkewe Yustina azikwe kwao Usoke, alikuwa akiishi peke yake ndani ya boti kuukuu aliyoilinda hapa Ujiji, na hakuna aliyemgusa tena. Upweke ulimtafuna jamani. Basi kila jioni akawa anakwenda kushikwa.

Theodora, binti wa mdogo wake, alikuwa fundi umeme Tabora. Alipopanda treni hatimaye kuja kumjulia hali, tesita yake iliwaka mara tu alipoigusa friji.

"Baba mkubwa, hii inapiga shoti. Waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, umekatika, hizi nyingine zimechubuka. Itakuua."

"Iache, mwanangu." Xavery alishusha sauti. "Ni mama yako mkubwa. Ukitengeneza, atapitia wapi?"

Theodora alimhurumia mpaka machozi yakamlenga. Hata hivyo alizima swichi kubwa, akachomoa waya uliovutwa kutoka nchi kavu, akaukunja na kuuvaa begani.

"Sasa shika. Utaona hakuna mtu."

Xavery alishika. Friji ilikuwa kimya, taa zimezimika, na maji yaligonga ubavu wa boti taratibu, halafu harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka chini ya sakafu, mahali pasipo na udongo wowote, ikajaa chumba kizima mpaka Theodora akaziba pua, na ngozi ya mkono wa baba yake mkubwa ikaanza kubonyea polepole, hapa, na hapa, na hapa, bila kitu chochote kuigusa.

"Yupo," alinong'ona Xavery.

Theodora alitazama zile alama. Kidole gumba, na vinne vyote upande wa pili. Yustina alikatwa na panga shambani kwenye tumbaku, Theodora akiwa mdogo. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada.

"Baba mkubwa," alisema, "huyu ana vidole vyote. Toa mkono. Siye mama mkubwa."

"Najua, mwanangu. Tangu siku ya kwanza najua. Lakini nani mwingine alikuja?"

Na hakuutoa mkono.