Kipimo cha Taa ya Dirishani

Taa ya nyumbani kwake ilikuwa imefifia kwenye picha. Za majirani ziling'aa kama kawaida.

Mpimaji hewa akapiga miayo. Miaka kumi na moja sasa, kila asubuhi alifungua picha za jiji zilizopigwa na setilaiti usiku. Kazi yenyewe si uchawi: moshi na vumbi hula mwanga, basi unalinganisha taa ilivyong'aa jana na mwanga wake kamili, na kilichopungua kimeliwa na hewa pamoja na uchafu waliouvuta watu. Siku sita mfululizo aliandika "hitilafu ya picha" kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Aliyechoka huambiwa, tena mara mbili.

"Mwanangu," mama yake alimnong'oneza jikoni jioni hiyo, "kuna kitu kinapumua juu ya bati. Kasuku akivuta pumzi, nacho kinavuta."

"Ni upepo, mama. Nimechoka."

"Upepo gani unanuka nywele za kuungua?"

Kasuku, bintiye wa miaka sita, alikuwa na pumu. Walimwita hivyo kwa maneno yake mengi, lakini wiki hiyo neno moja tu lilimmaliza pumzi. Mpimaji alikaa naye kitandani, chini ya dirisha lenye taa ile ya kwenye picha, akasikia bati likiinuka na kushuka taratibu, likifuatana na kifua cha mtoto, na kila liliposhuka mtoto alikosa hewa zaidi, mpaka yeye mwenyewe akajikuta amebana pumzi zake asije akamnyang'anya mwanawe hata kidogo kilichobaki.

Mganga akaitwa kesho yake mchana. Alizunguka nyumba, akasikiliza ukutani.

"Kimekubali kwenda. Sema kiondoke na nini. Ila pima maneno, Mama Kasuku. Jini hushika neno kama lilivyo."

Kupima ndiyo kazi yake. Kwa uchovu akasema kama aandikavyo ripoti:

"Nataka pasibaki kitu chochote kati ya taa ile na mbingu."

Harufu ikakatika. Usiku huo kikohozi hakikusikika, nyumba nzima ikalala fofofo, na asubuhi aliondoka bila kufungua mlango wa Kasuku asije akamwamsha.

Ofisini, taa ya dirishani iling'aa kuliko zote jijini. Akapiga hesabu, akapata sifuri. Akarudia. Sifuri tena, na hata hewa safi kabisa hula mwanga kidogo. Sifuri haitoki mahali penye hewa.

Akapiga simu. "Mama, Kasuku kaamka?"

"Bado. Hajakohoa hata mara moja, mwanangu. Kweli Mungu mkubwa."

"Mama, fungua mlango wake. Sasa hivi!"

Alisikia kandambili zikiburuzwa sakafuni, kitasa kikizungushwa, bawaba zikianza kulia. Kisha mlio ukakatika katikati, na simu ikaendelea kuhesabu sekunde bila kuleta sauti yoyote.